Vitamini, madini na moyo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa hapa Tanga miaka mingi, na maswali haya ndiyo yanayonijia kila wiki. Mara nyingi huja na chupa: mtu anaitoa kwenye mfuko, anaiweka mbele yangu, anauliza, "Hii nayo ni ya moyo?" Nimeyaandika jinsi yanavyoulizwa, bila kuyapamba. Kama tayari una dawa uliyoandikiwa, usibadilishe kitu kwa sababu ya ukurasa huu kabla hujaongea na daktari wako.

Nikimeza multivitamini kila siku, nitajikinga na ugonjwa wa moyo?

Hapana. Hili limepimwa, tena si kwa watu kumi. Marekani waliwachukua madaktari wanaume 14,641, nusu wakapewa multivitamini ya kila siku, nusu wakapewa kidonge kinachofanana nacho kisicho na kitu ndani, wenyewe wasijue nani kapata kipi. Wakafuatiliwa zaidi ya miaka 10. Majibu yalipotoka mwaka 2012, shambulio la moyo, kiharusi na vifo vya moyo havikuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Vitamini E ndiyo iliyokuwa na sifa kubwa zaidi enzi hizo. Jaribio lililoitwa HOPE liliwapa vidonge hivyo maelfu ya watu waliokuwa tayari kwenye hatari ya moyo. Mwaka 2000 jibu likaja kuwa havikusaidia kitu, na wagonjwa walipofuatiliwa hadi kufikia takriban miaka 7, waliokuwa wakimeza vitamini E walionekana kupata zaidi tatizo la moyo kushindwa kusukuma damu kuliko wenzao. Beta-karotini, ile rangi ya karoti na maembe, ilitia aibu zaidi. Huko Finland wanaume wavutaji sigara 29,133 walifuatiliwa, na mwaka 1994 ikajulikana kwamba waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Jaribio la Marekani lililofanana na hilo likasimamishwa kabla ya muda wake, Januari 1996, kwa sababu hiyohiyo. Hadi leo jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kinga linasema wazi: usimeze vitamini E wala beta-karotini kwa nia ya kuzuia moyo au saratani.

Utaniuliza mbona basi nazipanga rafuni. Vidonge vina watu wake, nao nitawafikia.

Lakini si kweli kwamba wanaokula mboga na matunda hawaumwi sana moyo?

Ni kweli, na hapo ndipo biashara ya vidonge ilipochipukia. Watafiti waliona kuwa watu wenye vitamini nyingi mwilini wanaugua kidogo, wakasema basi tuitoe ile vitamini kwenye embe tuitie kwenye kidonge. Walichoruka ni mtu mwenyewe. Mtu anayekula mchicha kila siku huenda havuti sigara, huenda anatembea kwenda shamba, na ule mchicha sahanini umechukua nafasi ya kitu kingine, pengine chipsi. Halafu chungwa si vitamini C peke yake. Lina potasiamu, lina nyuzinyuzi, halina chumvi.

Chakula chenyewe kilipojaribiwa, mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani liitwalo DASH. Watu 459 walipikiwa chakula chote kwa wiki 8. Waliopewa matunda, mboga, maharage, njugu na maziwa yasiyo na mafuta mengi, namba ya juu ya presha yao ilishuka ikilinganishwa na waliokula chakula cha kawaida cha Kimarekani. Kwa wale waliokuwa na presha tangu mwanzo, ilishuka kwa pointi 11 hivi, ambazo ni kama kazi ya kidonge kimoja cha presha. Chumvi yao haikuguswa, wala uzito haukupunguzwa. Kilichobadilika ni sahani, yaani potasiamu, magnesiamu, kalsiamu na nyuzinyuzi zikiingia pamoja.

Katika madini yote, yapi yana uzito zaidi kwa moyo?

Sodiamu na potasiamu. Nikipewa dakika mbili tu na mteja, ninazitumia zote hapo.

Sodiamu ndiyo iliyomo kwenye chumvi. Huvuta maji yakae mwilini na kufanya mishipa ikaze, presha ikapanda. Potasiamu huifanyia kazi kinyume: huisukuma figo itoe sodiamu kwenye mkojo, na mishipa hulegea. Kwa hiyo swali la maana ni chumvi imezidi kiasi gani, na potasiamu imepungua kiasi gani. Wengi wetu mjini tumeharibu pande zote mbili kwa mpigo.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua kwa upande wetu wa dunia ulitoka Kenya. Watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Viktoria kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani, kwa muda wa hadi miaka 2. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Miezi michache tu baada ya kuhama, presha za wahamiaji zilikuwa juu kuliko za waliobaki kijijini. Ukipima mkojo wao, sodiamu imepanda na potasiamu imeshuka. Uzito nao ulikuwa umeongezeka. Watu ni walewale, damu ileile, ukoo uleule. Kilichobadilika ni maisha ya mjini na kilichomo sufuriani.

Ndiyo maana huwa sikubali mtu akisema "presha ni ya kwetu, mama alikuwa nayo." Inawezekana. Ila mama naye alihamia mjini.

Chumvi ikiwa kiasi gani imezidi? Mimi siweki nyingi.

Kila mtu haweki nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, kwa vyakula vyote vya siku nzima. Wastani wa dunia ni kama mara mbili ya hapo.

Huhitaji maabara kujua mko wapi. Nunua paketi ya chumvi ya nusu kilo, andika kwa kalamu juu yake tarehe uliyoifungua. Watu watano kwa gramu 5 ni gramu 25 kwa siku, kwa hiyo paketi hiyo inatakiwa iwafikishe siku 20. Mama mmoja aliirudisha paketi tupu hapa dukani ikiwa na tarehe mbili juu yake kwa wino wa bluu. Siku 9, na wao ni wanne. Alikuwa ameapa kwamba nyumbani kwake chakula hakina chumvi, na kwa ulimi wake alikuwa anasema kweli, maana ulimi umeshazoea. Habari njema ni kwamba ulimi huo huo huzoea kurudi nyuma. Punguza kidogokidogo, baada ya wiki kadhaa chakula cha zamani utakiona kikali.

Chumvi ya mezani sigusi kabisa. Sodiamu inaingilia wapi?

Inaingilia kwenye vitu ambavyo havionji kama chumvi. Nitaanza na magadi, kwa sababu hayo hakuna anayeyahesabu. Magadi ni sodiamu tupu iliyokaa kwenye umbo jingine. Kijiko kimoja cha chai cha magadi soda ya dukani, ile ya kuumulia maandazi, kina sodiamu zaidi ya miligramu 1,200, sawa na gramu 3 za chumvi. Sasa fikiria sufuria ya maharage iliyotiwa magadi ili yaive haraka, kisha yakatiwa chumvi, kisha kidonge cha mchuzi. Magadi yana dhambi ya pili pia: yanaua vitamini B1 na vitamini C zilizomo kwenye chakula. Mboga inabaki na rangi ya kijani inayong'aa ilhali vitamini zimeshakufa. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, hutahitaji magadi.

Halafu kuna vidonge vya mchuzi na unga wake, ambavyo sehemu kubwa yake ni chumvi, ng'onda na papa mkavu, achari, soseji, tambi za paketi na ile pakiti ndogo ya viungo ndani yake, mkate, ambao vipande viwili tu huweza kukaribia gramu moja ya chumvi hata kabla hujapaka siagi, na chumvi ya pembeni kwenye nyama choma, ambayo watu huichovya kana kwamba ni sosi. Ugali, kwa upande mwingine, hauna chumvi hata chembe. Wazee wetu walikula wanga usiotiwa chumvi na kitoweo kidogo chenye chumvi, na hesabu ikawa inatoka sawa.

Kwenye paketi ukikuta imeandikwa sodiamu na si chumvi, zidisha mara mbili na nusu upate chumvi yake.

Chumvi ya mawe, ya bahari, au ile ya pinki si nzuri zaidi?

Kwa moyo ni ileile. Zote ni kloridi ya sodiamu karibu tupu, na yale madini mengine yanayosifiwa ni chembe ambazo ungelazimika kula chumvi ya kukuua ndipo zikufae. Ubaya wake ni kwamba nyingi hazijatiwa madini joto, na hayo tunayahitaji kwa tezi la shingo. Kula ile yenye madini joto, ila kidogo.

Potasiamu napata wapi bila kidonge?

Sokoni. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau miligramu 3,510 kwa siku. Gramu 100 za ndizi mbivu zina kama 360, maharage yaliyopikwa kama 400, mchicha uliopikwa unaweza kufika 600. Ndizi za kupika, viazi vitamu, mihogo, mbaazi, choroko, kunde, parachichi, maembe, papai, ubuyu wa asili usiotiwa sukari na rangi: zote zimo. Hapa kwetu dafu moja peke yake hukupa mamia ya miligramu, na huwa nashangaa mtu akipita muuza madafu barabarani kuja kuniuliza kidonge cha potasiamu.

Upishi unaweza kuipoteza nyingi. Potasiamu inayeyuka majini, haiungui. Ukichemsha matembele, ukakamua, ukamwaga maji, umemwaga nusu ya ulichonunua. Pika kwa maji machache, mchuzi wake uliwe. Kisamvu hakihusiki na ushauri huu: kichemshwe na maji ya kwanza yamwagwe kama tulivyofundishwa, kwa sababu ya sumu yake.

Nimesikia kuna chumvi iliyochanganywa potasiamu. Ina ukweli?

Ina ukweli kuliko chupa yoyote niliyonayo rafuni. Huko China, kwenye vijiji 600, watu 20,995 wengi wao wakiwa wamewahi kupata kiharusi walifuatiliwa karibu miaka 5. Vijiji nusu viliendelea na chumvi ya kawaida, nusu vikapewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Matokeo ya mwaka 2021: kiharusi kilipungua kwa asilimia 14, na vifo kwa asilimia 12. Watu hawakuongezewa dawa wala hawakubadilisha mapishi, walichobadilishiwa ni chumvi. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wa kuipendekeza kwa watu wazima kwa matumizi ya nyumbani, isipokuwa wajawazito, watoto, na wenye ugonjwa wa figo au hali nyingine inayoweza kuzuia potasiamu isitoke mwilini.

Kwenye maduka yetu mengi bado ni adimu na ni ghali. Ukiikosa, hujakosa kitu kikubwa: chumvi pungufu pamoja na maharage na mboga zinakufikisha palepale.

Nina figo. Yote haya yananihusu?

Hapana, na tafadhali soma jibu hili mara mbili. Figo iliyochoka inashindwa kutoa potasiamu. Ikijaa kwenye damu, moyo unaweza kubadili mapigo na kusimama ghafla, bila dalili ya kukuonya. Mgonjwa wa figo ndiye mtu ambaye madafu, ndizi na chumvi ya potasiamu vinaweza kumdhuru. Kwa mtu huyo kuchemsha mboga na kumwaga maji ni sawa, tena huenda ameelekezwa hivyo kliniki.

Tahadhari hiyo inawagusa pia wanaotumia baadhi ya dawa za presha na za moyo zinazobakiza potasiamu mwilini: enalapril, captopril, losartan na hasa spironolactone. Kula matunda kwa kawaida huwa hakuna shida kama figo ni nzima. Kuongeza vidonge vya potasiamu au chumvi yake bila kupimwa damu ndiko kwenye shida. Na kuna upande wa pili: dawa za kukojoza kama furosemide na hydrochlorothiazide hupoteza potasiamu na magnesiamu. Ndiyo maana watu wawili wenye presha, majirani, wanaweza kupewa ushauri unaopingana na wote wawili wakawa wameshauriwa sawa.

Dona au sembe?

Dona. Mahindi yanapokobolewa kuwa sembe, kiini na pumba huondoka na karibu robo tatu ya magnesiamu huondoka navyo: unga wa mahindi mazima una kama miligramu 120 kwa gramu 100, uliokobolewa na kuondolewa kiini una kama 30. Magnesiamu inasaidia mishipa kulegea na mapigo ya moyo kwenda kwa mpangilio. Kinachoondoka ni zaidi ya hayo, maana vitamini B na nyuzinyuzi nazo hubaki kwenye pumba, tunawalisha kuku wakanenepa.

Sharti la dona ni mahindi makavu yasiyoingia ukungu, kwa kuwa sumukuvu hukaa zaidi kwenye sehemu hizo hizo za nje. Kama huyaamini mahindi yako, sembe iliyorutubishwa ni afadhali.

Daktari wa mifupa ameniambia nimeze kalsiamu. Nasikia inaziba mishipa ya moyo?

Mwaka 2010 wachambuzi walikusanya majaribio ya vidonge vya kalsiamu visivyo na vitamini D wakaona waliovimeza walipata shambulio la moyo kwa karibu asilimia 30 zaidi. Wengine walipochambua majaribio mengine hawakuyaona hayo, na mabishano hayajaisha. Jambo moja halibishaniwi sana: kalsiamu ya kwenye chakula haijaonekana kuwa na madhara hayo. Inaingia polepole, haifuriki damuni kwa mara moja kama ya kidonge. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wamejaa kalsiamu, ilimradi usiwachague wale waliokaushwa kwa chumvi. Maziwa na mtindi pia.

Kama umeandikiwa kwa sababu maalumu, endelea na muulize aliyekuandikia kama dozi inaweza kupungua. Mjamzito aliyepewa kalsiamu kliniki ili kujikinga na kifafa cha mimba asiiache hata kidogo.

Vitamini D je? Jua tunalo bure.

Tunalo, ila anayeshinda ofisini, au anayejisitiri mwili mzima akitoka nje, anaweza kuwa na upungufu hata hapa Pwani, achilia mbali ndugu zetu walio Uingereza na Canada wakati wa baridi. Upungufu utibiwe kwa ajili ya mifupa. Kwa moyo, jaribio la Marekani liitwalo VITAL liliwapa watu 25,871 vitamini D ya yuniti 2,000 kwa siku au kidonge kitupu, kwa zaidi ya miaka 5, na haikupunguza shambulio la moyo wala kiharusi.

Upungufu wa damu unahusiana vipi na moyo?

Unahusiana sana, na ni jambo ambalo vitabu vya nchi za wenzetu hulipa kurasa chache kuliko linavyostahili kwetu. Damu ikiwa nyepesi, moyo hulazimika kusukuma haraka na kwa nguvu ili mwili upate hewa yake. Moyo mzima huvumilia kwa muda. Moyo uliokwisha kudhoofika hulemewa. Utafiti uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, kwa wagonjwa ambao mioyo yao ilishindwa kusukuma damu vizuri, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta zaidi ya nusu yao wana upungufu wa damu, na waliopungukiwa damu kwa kukosa madini ya chuma walikuwa na hali mbaya zaidi.

Kwa hiyo kama una ugonjwa wa moyo na unachoka, pima damu, na ukiweza pima akiba ya chuma. Kwa wagonjwa wa aina hiyo vidonge vya chuma mara nyingi havitoshi, na daktari anaweza kuamua kukupa ya kupitia mshipani. Ila usijimezeshe chuma kwa kubahatisha: anayeishi na selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma iliyozidi, na chuma iliyozidi nayo huharibu moyo.

Kwa asiye mgonjwa, chuma iko kwenye maini, nyama, dagaa, maharage na mboga za majani. Ile ya kwenye mimea haifyonzwi kirahisi. Kamulia limau kwenye mboga, au kula chungwa papo hapo, inaingia zaidi. Chai ya rangi isinywewe na chakula. Isubiri kama saa moja. Najua ninachoomba hapa ni kigumu kuliko kuacha sigara. Na wewe dada unayetafuna udongo wa Pemba ukiwa mjamzito, sikuchekei: hamu hiyo mara nyingi ni dalili yenyewe ya kupungukiwa chuma, na udongo huweza kuizuia zaidi isiingie.

Natumia warfarini baada ya kubadilishiwa vali. Nimeambiwa niache mboga za majani kabisa. Ni sahihi?

Hili nalisikia mno, na linanisikitisha. Mboga za kijani zina vitamini K, ambayo husaidia damu kuganda. Warfarini inazuia kazi hiyo hiyo. Kinachotakiwa ni kiasi kisichoyumba. Kama unakula mchicha mkono mmoja kila siku, daktari atapanga dozi yako kulingana na mchicha huo. Balaa ni kutokula wiki tatu, kisha kwenda kijijini ukashindia kisamvu na matembele siku nne mfululizo: INR, kile kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda, itashuka na damu inaweza kuganda kwenye vali. Ukiziacha mboga ghafla baada ya kuzizoea, inapanda na unaweza kuvuja damu. Amua kiasi chako, kishike, na waambie kliniki ukitaka kukibadilisha. Vidonge vya vitamini E na vya kitunguu saumu usivichanganye na warfarini bila ruhusa.

Asidi ya foliki inazuia kiharusi?

Inategemea unaishi wapi. Canada na kwingineko, wagonjwa 5,522 walipewa foliki na vitamini B6 na B12; homosisteini, kemikali ya damuni iliyokuwa ikishukiwa, ilishuka, ila mashambulio ya moyo hayakushuka nayo. Huko China, ambako unga hautiwi foliki kwa lazima, watu 20,702 wenye presha waliopewa enalapril walifuatiliwa. Walioongezewa foliki walipata kiharusi cha kwanza kwa asilimia 21 pungufu, mwaka 2015. Inaonekana humsaidia aliyepungukiwa. Kunde, maharage na mboga za majani zinayo, na unga wa viwandani Tanzania na Kenya hurutubishwa kwayo. Kwa mjamzito hili si swali, ameze.

Kuna vitamini ambayo ukiikosa tu moyo unaharibika?

Ipo. Vitamini B1 ikikosekana sana huleta beriberi, na aina yake moja huvimbisha miguu na kutanua moyo hadi unashindwa. Ilijulikana zaidi Asia kwa wala wali uliokobolewa mno. Eijkman, Mholanzi aliyeigundua siri yake kwa kuchunguza kuku huko Java, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Siku hizi humpata zaidi mnywaji wa gongo au chang'aa asiyekula. Huyo ni mmoja wa wale watu wa vidonge niliowataja, maana akipewa B1 mapema anaweza kupata nafuu kwa siku chache. Wilaya ya Keshan huko China nayo ilitoa jina la ugonjwa wa moyo uliotokana na udongo usio na seleniamu.

Mwingine wa kundi hilo ni mgonjwa wa kisukari anayetumia metformin miaka mingi: dawa hiyo hupunguza vitamini B12, aombe ipimwe.

Unga wa mlonge unatosha?

Ni mboga nzuri iliyokaushwa. Mboga. Si dawa ya presha, na usiache dawa kwa ajili yake.

Mwanangu yuko Marekani, ananitumia chupa kubwa za vitamini kila mwaka. Nizitupe?

Usizitupe kabla hatujazisoma, na usimlaumu mtoto; ametuma upendo kwa njia aliyoiona dukani kwao. Angalia nyuma ya chupa. Vitamini E ya yuniti 400, beta-karotini nyingi kwa mvuta sigara, niasini ya dozi kubwa, potasiamu kwa mwenye figo: hizo ziweke pembeni. Multivitamini ya kawaida yenye vipimo vinavyokaribia asilimia 100 haina madhara makubwa kwa wengi, na mzee asiyekula vizuri inaweza kumziba pengo. Asiyehitaji, atazikojoa, mkojo wa njano wa bei ghali.

Mwambie mwaka kesho atume mashine ya kupimia presha, ile ya mkanda wa kwenye mkono wa juu.

Nikienda kliniki ya moyo niseme nini kuhusu haya yote?

Usiseme, beba. Chukua mfuko, tia humo kila unachomeza, dawa za hospitali, chupa za mtoto, unga wa mlonge, dawa ya mzee wa mtaani, na paketi ya chumvi mnayotumia ikiwa na ile tarehe ya kufunguliwa. Mwage mezani kwa daktari, naye aanzie hapo.